Jeni ya kimeng'enya iko kwenye kromosomu gani? Mwongozo wa hatua kwa hatua kwa ngano na nyasi za jamii yake

Kazi hii ni ya kusaga mbegu au jani, kusukuma protini zake kwa umeme ndani ya jeli ya wanga, na kupaka rangi ili kimeng'enya kionekane kama mstari; kisha unatazama mstari huo unavyobadilika kwenye laini (koo za mimea) zilizokosa au kuongezewa kromosomu fulani. Wanaoianza huuliza maswali yale yale. Nianze na laini zipi? Kwa nini mstari haukupotea pale nilipotarajia upotee? Mstari uliofifia bila kupotea, je, nao ni jibu? Mwongozo huu unayajibu kwa kuifuata kazi yenyewe, kuanzia mbegu hadi jina la jeni.

Mfano wetu mkuu ni ADH, yaani dehidrojenasi ya alkoholi. Mbegu ya ngano imejaa kimeng'enya hiki, rangi yake haina gharama kubwa, na jibu lake linajulikana tangu G. E. Hart alipolichapisha mwaka 1970: ngano ya mkate ina jeni tatu za ADH, zote kwenye kromosomu za kundi la 4. Ukilipata jibu hilo kwa mikono yako, jeli yako inaaminika na unaweza kuhamia kimeng'enya ambacho kromosomu yake bado haijulikani.

Jambo moja lishike mapema. Jeli ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Kazi nyingi huharibikia kwenye mbegu ambazo kromosomu zake hazikuhesabiwa, na kwenye mistari iliyosomwa bila kupiga hesabu ya dozi, yaani idadi ya nakala za jeni.

Nadharia, kwa kiasi cha kuanzia tu

Ngano ya mkate ina kromosomu 42 katika jenomu (seti za kromosomu) tatu: A, B na D, kila moja jozi 7. Kromosomu 4A, 4B na 4D ni ndugu. Zinabeba jeni zinazofanana, na jozi ya mmoja ikikosekana, jozi ya ziada ya nduguye huifidia kiasi cha mmea kuishi. Ernest Sears wa Missouri, Marekani, alitumia ufidiaji huo kutengeneza laini za nulisomiki-tetrasomiki (hapa tutaziita nuli-tetra) ndani ya aina moja ya ngano, Chinese Spring. N4A-T4B ni mmea usio na 4A kabisa, wenye 4B nne badala ya mbili. Makundi 7, kila moja na michanganyiko 6, yanaleta laini 42.

Ditelosomiki ni mmea ambao jozi moja ya kromosomu imebaki na mkono mmoja tu. Dt4BL ina mkono mrefu (L) wa 4B. Mkono mfupi (S) haupo. Herufi inataja mkono uliobaki. Hapa ndipo wengi huteleza, wakaandika jibu kinyume.

Kwa rai, shayiri na nyasi nyingine kuna laini za nyongeza: Chinese Spring yenye jozi zake zote 21, na juu yake jozi moja ya kromosomu ngeni, jumla 44.

Andaa hivi kabla hujaanza

Mbegu:

- Chinese Spring ya kawaida, ya kulinganishia.
- Laini za nuli-tetra, zote 42 ukizipata. Usiridhike na laini moja kwa kila kromosomu. Sababu iko kwenye hatua ya 9.
- Ditelosomiki. Utahitaji za kromosomu utakazozishuku tu, kwa hiyo ziagize baada ya jeli za kwanza kama nafasi ya kuzitunza ni ndogo.
- Laini za nyongeza za nyasi unayoichunguza. Kwa rai, zinazotumika sana ni Chinese Spring–Imperial. Kwa shayiri, Chinese Spring–Betzes.
- Ngano ya durumu, kwa mfano Langdon. Ina jenomu A na B bila D, na ni kipimo kizuri cha bei rahisi.

Hifadhi kubwa za mbegu hizi ni Wheat Genetics Resource Center ya Kansas State University, John Innes Centre ya Norwich nchini Uingereza, na mradi wa NBRP wa Japani wenye hifadhi ya ngano Kyoto. Kibali cha kuingiza mbegu na cheti cha afya ya mimea hushughulikiwa kabla ya kuagiza. Mzigo ukishakwama forodhani umechelewa. Utatumiwa mbegu chache tu, na utalazimika kuzizidisha mwenyewe. Funika masuke kwa mifuko ya karatasi kabla hayajachanua.

Vifaa: fremu ya jeli ya takriban sm 18 × 20 na kina cha sm 1, trei mbili za bafa, chanzo cha umeme cha hadi volti 300, friji ya nyuzi 4, pampu ya ombwe, chupa nene ya kioo inayostahimili ombwe, karatasi ya Whatman namba 3, uzi mwembamba wa nailoni au waya wa kukatia jeli, na hadubini ya kuhesabia kromosomu.

Bafa ya trei, kwa lita 1: lithiamu hidroksaidi gramu 1.2 na asidi ya boriki gramu 11.9, pH 8.3.

Bafa ya jeli, kwa lita 1: Tris gramu 6.2 na asidi ya sitriki gramu 1.6, pH 8.4. Unapopika jeli changanya sehemu 9 za hii na sehemu 1 ya bafa ya trei.

Bafa ya kusagia: Tris-HCl 0.1 M ya pH 7.5, sukrosi asilimia 5, na 2-merkaptoethanoli asilimia 1 unayoiongeza siku ile ile. Ukisaga majani ongeza PVP-40 asilimia 3. Bila hiyo, fenoli za jani hugeuza sampuli kuwa kahawia na kuua kimeng'enya.

Tahadhari ni tatu. MTT na PMS (kemikali za kupakia rangi, hatua ya 8) zishike kwa glovu, na ukishazichanganya zifiche mwanga. Merkaptoethanoli ifunguliwe ndani ya kabati lenye feni. Na wanga unaochemka huganda kwenye ngozi ukaendelea kuunguza, kwa hiyo vaa glovu nzito wakati wa kupika jeli, si wakati wa kumimina tu.

Hatua

1. Otesha mbegu na uzitenganishe. Weka mbegu kwenye karatasi yenye unyevu ndani ya sahani ya petri, nyuzi 22 hadi 24. Kila mbegu ipewe namba yake tangu hapa. Namba ya sahani haitoshi, kwa sababu mbegu mbili za sahani moja zinaweza kuwa na kromosomu tofauti.

2. Hesabu kromosomu. Mizizi ikifika sm 1 hadi 2, kata ncha mbili, ziweke kwenye maji ya barafu kwa saa 24, kisha kwenye ethanoli na asidi ya asetiki kwa uwiano wa 3:1. Paka rangi ya Feulgen au asetokarmini, ponda ndani ya asidi ya asetiki ya asilimia 45, na hesabu seli zisizopungua tano zilizotawanyika vizuri. Nuli-tetra iwe na 42. Ditelosomiki iwe na 40 na vipande viwili vya mkono mmoja. Nyongeza iwe na 44.

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoharibu kazi zaidi. Laini za nyongeza hupoteza kromosomu ngeni kila kizazi, na ukilima bila kuhesabu, baada ya misimu michache gunia lako litakuwa Chinese Spring tupu lenye lebo ya rai. Baadhi ya nuli-tetra nazo hazizai vizuri, kwa hiyo hutunzwa kupitia mimea yenye kromosomu moja badala ya kutokuwa nayo kabisa. Mbegu utakazopokea zitakuwa mchanganyiko. Hesabu ya 42 peke yake haithibitishi kwamba kromosomu iliyokosekana ndiyo ile ya kwenye lebo, ila inaondoa makosa mengi ya wazi. Lenga mimea mitatu iliyohesabiwa kwa kila laini.

3. Chagua sehemu ya mmea. Kwa ADH tumia kiinitete pamoja na skuteli (jani la mbegu lililoshikana nacho), kati ya saa 12 baada ya kulowesha na siku ya 3. Kadiri mche unavyokua kwenye hewa ya kutosha, ADH hupungua. Ncha za mizizi zikishakatwa kwa ajili ya kuhesabu, skuteli ya mche huo huo bado inafaa. Kwa GPI (isomerasi ya fosfeti ya glukosi) na AAT (aminotransferasi ya aspateti) tumia jani changa la siku 7 hadi 10, na mmea ubaki hai.

Sehemu na umri viwe vile vile kwa laini zote za jeli moja. Nuli-tetra nyingi huota polepole kuliko Chinese Spring, kwa hiyo fananisha urefu wa mche, usifananishe tarehe ya kupanda. Usipofanya hivyo utaona tofauti ya umri na kuiita tofauti ya kromosomu.

4. Saga kwenye baridi. Miligramu 50 za tishu kwa mikrolita 100 za bafa, juu ya barafu. Zungusha kwenye sentrifuji kwa dakika 10 kama unayo. Kama huna, kitambaa cha nailoni juu ya utambi (kipande cha karatasi ya Whatman kinachobeba sampuli, hatua ya 6) kinatosha kuzuia makapi. Sampuli itumike siku hiyo. Ikilazimika kusubiri, igandishwe nyuzi 70 chini ya sifuri na iyeyushwe mara moja tu.

5. Pika jeli jioni ya siku iliyotangulia. Gramu 48 za wanga wa viazi uliohidrolisishwa kwa maabara, mililita 400 za bafa ya jeli. Wanga wa kupikia wa dukani haufai: unageuka gundi kabla haujaiva. Koroga wanga kwenye robo ya bafa ikiwa baridi, chemsha sehemu iliyobaki, mimina ya moto juu ya baridi huku ukitikisa kwa nguvu, kisha rudisha motoni. Mchanganyiko utakuwa mzito mweupe, halafu ghafla utalegea na kuanza kung'aa. Subiri mapovu makubwa yaanze kupanda, ondoa, na uvute hewa kwa ombwe kwa sekunde 30 hadi 60. Mimina kwa mkupuo mmoja. Ikipoa funika kwa plastiki bila kuacha mifuko ya hewa, uiache usiku kucha, na iingize kwenye friji saa moja kabla ya kazi.

6. Panga sampuli. Tambi za karatasi ziwe na upana wa mm 4, na kati ya moja na nyingine acha mm 2. Upana wa sm 18 unabeba tambi 27 ukiacha nafasi pembeni. Panga makundi ya 1 hadi 4 kwenye jeli ya kwanza (laini 24), na ya 5 hadi 7 kwenye ya pili (laini 18), kila jeli ikiwa na Chinese Spring mwanzoni, katikati na mwishoni. Langdon iingie kwenye nafasi zilizobaki za jeli ya pili. Usigawanye kundi moja kwenye jeli mbili. Ndugu watatu lazima walinganishwe kwenye jeli ile ile, au hesabu ya dozi haina maana.

Kata jeli sm 5 kutoka upande hasi, chovya tambi kwenye sampuli, zikaushe kidogo kwenye karatasi nyingine, na uzisimamishe kwenye mkato. Utambi unaochuruzika huvuja hadi kwa jirani yake.

7. Endesha umeme. Jeli iwe kwenye friji, na juu yake pakiti ya barafu. Anza na mA 50, volti zisizidi 300. Baada ya dakika 15 hadi 20 zima umeme, toa tambi, bana mkato ukutane vizuri, uwashe tena. Kwenye bafa hii utaona mstari wa kahawia ukisafiri mbele; ukifika sm 8 hadi 9 kutoka mkatoni, acha. Kwa kawaida ni saa 4 hadi 6.

8. Kata vipande na upake rangi. Jeli ya sm 1 inatoa vipande vitatu au vinne vya mm 2. Kata kona moja ya kila kipande ili usikigeuze bila kujua. Tupa kipande cha juu kabisa, maana ngozi yake huwa na mistari iliyopinda. Hapa ndipo jeli ya wanga inaishinda jeli ya akrilamaidi kwa kazi hii: jeli moja, vimeng'enya vitatu, mimea ile ile.

Kwa kila kipande, mililita 50 za Tris-HCl 0.1 M, pamoja na:

- *ADH* (pH 8.5): ethanoli ml 3, NAD mg 10, MTT mg 10, PMS mg 2. Gizani, nyuzi 37, dakika 30. Mistari ya bluu-zambarau.
- *GPI* (pH 8.0): fruktosi-6-fosfeti mg 25, magnesiamu kloridi mg 50, NADP mg 8, G6PDH (dehidrojenasi ya glukosi-6-fosfeti) uniti 20, MTT mg 10, PMS mg 2. Tumia ml 25 tu za bafa, changanya na ml 25 za agari ya asilimia 2 iliyopoa hadi nyuzi 50, na umwage juu ya kipande. Agari huzuia rangi isitawanyike. G6PDH ya bakteria *Leuconostoc* inakubali NAD, ambayo ni ya bei nafuu kuliko NADP. Ile ya hamira inataka NADP tu.
- *AAT* (pH 8.0): asidi ya aspartiki mg 150, asidi ya alfa-ketoglutariki mg 75, pairidoksali-5-fosfeti mg 2. Asidi hizo mbili hushusha pH sana, kwa hiyo irudishe 8.0 kwa sodiamu hidroksaidi baada ya kuyeyuka, halafu ndipo uongeze Fast Blue BB mg 125. Ukitanguliza rangi utapata maji ya chungwa na jeli nyeupe.

Piga picha mara tu mistari inapokuwa wazi, na tena baada ya dakika 15. Picha ya kwanza ni ya dozi, ya pili ni ya mistari hafifu. Kipande kilichoachwa kikakolea hadi mwisho hakisomeki dozi tena, maana mistari yote hulingana weusi.

9. Soma kwa hesabu ya dozi. Chukua muda hapa kuliko popote pengine.

ADH ni dimeri: protini mbili hushikana kufanya kimeng'enya kimoja. Jenomu tatu zingetoa dimeri sita, lakini ngano ya mkate huonyesha mistari mitatu tu, kwa sababu protini za jenomu mbili hukimbia kwa kasi moja. Ukiita dozi ya kasi ya kwanza *a* na ya pili *b*, uzito wa mistari ni a² : 2ab : b².

Tuseme protini za A na D zinakwenda sawa, na ya B inakwenda tofauti. Hesabu inatoka hivi:

- Chinese Spring (a = 2, b = 1): 4 : 4 : 1
- Langdon (a = 1, b = 1): 1 : 2 : 1
- N4B-T4A na N4B-T4D (a = 3, b = 0): mstari mmoja tu
- N4A-T4B na N4D-T4B (a = 1, b = 2): 1 : 4 : 4
- N4A-T4D na N4D-T4A (a = 2, b = 1): 4 : 4 : 1

Tazama mstari wa mwisho. Mmea wa N4A-T4D hauna 4A hata moja, na bado jeli yake haitofautiani na ya Chinese Spring. Aliyeagiza laini hiyo peke yake kuwakilisha 4A ataandika kwamba 4A haina jeni ya ADH, na atakuwa amekosea. Ndiyo sababu ya kuendesha michanganyiko yote sita ya kundi. Usiukariri mpangilio wa A na D hapa juu. Tafuta kwenye jeli yako ni kromosomu ipi ikikosekana kasi moja hutoweka kabisa. Hiyo ndiyo yenye protini ya pekee, na wengine wawili wanajulikana kwa uzito kugeuka.

Kwa kimeng'enya cha protini moja moja mambo ni mepesi: hakuna dimeri mseto, na mstari hupotea au huongezeka unene tu.

10. Tafuta mkono. Ditelosomiki hazina fidia, kwa hiyo uwiano wake ni tofauti na wa nuli-tetra. Kwa dhana ile ile ya juu: Dt4BL itaonyesha mstari mmoja, maana yake jeni ya B ilikuwa kwenye mkono uliotoweka, 4BS. Dt4DL itatoa 1 : 2 : 1, nayo inasema 4DS. Dt4AL itabaki 4 : 4 : 1, kwa hiyo jeni ya A iko 4AL.

Usishtuke kwamba A iko mkono mrefu na wenzake mkono mfupi. Kromosomu 4A iligeuka sehemu yake ya kati, na pia ilibadilishana vipande na 5A na 7B. Ukipata jeni "isiyo mahali pake" kwenye 4A, 5A au 7B, kumbuka mabadilishano hayo kabla hujatupa jeli.

Ukitaka kwenda ndani zaidi ya mkono, kuna laini za ufutaji zilizochapishwa na watafiti Endo na Gill mwaka 1996, zenye ufutaji 436 kwa jumla, kila moja ikiwa imepoteza ncha ya mkono kuanzia mahali panapojulikana. Mstari ukiwepo kwenye laini moja na kukosekana kwenye inayofuata, jeni iko kati ya mikato hiyo miwili.

11. Hamia kwa rai, shayiri na wengine. Endesha kwanza nyasi yenyewe, Chinese Spring, na mchanganyiko wa sampuli zao mbili kando kwa kando. Kama mistari yao haitofautiani, kimeng'enya hicho hakikufai kwa kazi hii. Badili bafa au badili kimeng'enya. Zikitofautiana, endesha laini zote za nyongeza.

Wengi hutafuta mstari wa rai yenyewe na kuukosa. Piga hesabu: mmea una dozi 2 za *a*, 1 ya *b*, na 1 ya rai. Dimeri safi ya rai ni sehemu 1 kati ya 16, ilhali dimeri mseto ya rai na *a* ni 4 kati ya 16. Mseto huonekana mapema na vizuri zaidi, na haupo kwenye rai wala kwenye ngano. Ukiuona kwenye laini moja ya nyongeza na kwingine kote haupo, umepata kromosomu. Mchanganyiko wa sampuli mbili hautauonyesha, kwa sababu protini hushikana ndani ya seli; hicho ndicho kipimo chako kwamba mstari ni mseto wa kweli.

Kwa seti ya Betzes jiandae na pengo: nyongeza kamili ya 1H (H ni jenomu ya shayiri) huwa tasa, kwa hiyo seti ina 2H hadi 7H. Kwa 1H tumia mkono wa 1HS na hoja ya kuondoa wengine, na useme wazi kwamba umetumia hoja hiyo.

Wanaofanya kazi na ngano ya Kenya wana matumizi ya haraka ya GPI. Jeni zake ziko 1AS, 1BS na 1DS, na ya rai iko 1RS. Mmea wenye muunganiko wa 1BL.1RS (mkono mrefu wa 1B ulioungana na mkono mfupi wa kromosomu 1 ya rai) hupoteza ya B na kupata ya rai, kwa hiyo jani moja linatosha kuutambua. Mkono huo ndio uliobeba Sr31, kinga ya kutu ya shina iliyovunjwa na Ug99, kuvu iliyoonekana Uganda mwaka 1998 na ambayo ngano za nchi nyingi hupimwa dhidi yake Njoro.

Je, si rahisi kutafuta kwenye jenomu?

Tangu jenomu ya Chinese Spring ilipochapishwa mwaka 2018, unaweza kuingiza mfuatano wa jeni ya shayiri au mahindi na kupata nakala za ngano kwa dakika chache. Fanya hivyo, kisha thibitisha kwa PCR (kuzidisha kipande cha DNA) kwenye nuli-tetra zile zile. Lakini mfuatano hausemi ni nakala ipi inayotoa mstari unaouona kwenye jani la siku 8, wala kama nakala iliyopo inafanya kazi. Hilo bado linajibiwa na jeli.

Mambo yakienda kombo

*Mistari inaonekana hata bila ethanoli kwenye rangi ya ADH.* Kuna dehidrojenasi nyingine zinazojilisha zenyewe. Kila mara paka kipande kimoja kisicho na ethanoli. Mstari uliopo kwenye vyote viwili si ADH.

*Mistari imepinda kama tabasamu.* Jeli imepata joto katikati. Punguza mA, ongeza barafu.

*Mistari ina mikia.* Sampuli ni nzito mno, au mkato haukubanwa baada ya kutoa tambi. Pia angalia kama utambi ulitoka na kipande cha jeli.

*Sampuli za majani zote hafifu, za mbegu nzuri.* Fenoli. Ongeza PVP, na merkaptoethanoli iwe ya siku hiyo.

*Jeli inararuka ukiikata.* Haikuiva, au iko vuguvugu. Wanga haulingani kati ya toleo na toleo. Kila chupa mpya ijaribu kati ya asilimia 11 na 13.

*Mstari umefifia kwenye laini moja ya nuli-tetra, na dozi haielezi.* Rudia kwa mimea mingine mitatu iliyohesabiwa. Ikijirudia, usikimbilie kuandika jeni mpya. Kukosekana kwa kromosomu kunaweza kupunguza kazi ya jeni iliyo kwingine. Ushahidi wa jeni ya kimeng'enya chenyewe ni pale dozi inapopanda na kushuka kulingana na idadi ya kromosomu, au pale aleli (toleo la jeni) ya kasi tofauti inapofuata kromosomu hiyo kwenye uzao wa mahuluti.

*Uwiano wa mahuluti haueleweki.* Kama umesaga mbegu nzima, umepima endospamu, ambayo hupokea dozi mbili za mama na moja ya baba. Tumia kiinitete au jani.

*Mimea miwili ya laini moja inatofautiana.* Rudi hatua ya 2.

Kuandika matokeo

Jina la jeni hufuata mpangilio wa kimeng'enya, jenomu na namba ya seti, kwa herufi za mlazo: *Adh-A1*, *Adh-B1*, *Adh-D1*, ya rai ni *Adh-R1*. Ukisoma makala ya zamani kumbuka kwamba 4A na 4B zilibadilishana majina mwaka 1988, hivyo 4A ya makala ya 1970 ni 4B ya leo. Shayiri nayo ilikuwa na namba zake: kromosomu 1 ya zamani ni 7H, 5 ni 1H, na 7 ni 5H. Namba 2, 3, 4 na 6 hazikubadilika. AAT utaikuta ikiitwa GOT. Pamoja na jina la jeni, orodhesha namba ya usajili ya kila laini, hifadhi iliyotoka, idadi ya mimea uliyohesabu kromosomu, na michanganyiko ya nuli-tetra ambayo hukuipata.